Kiini cha Tano

Kompyuta ya zahanati ya Panzi
haikufa. Ingekufa, ningelala.
Ilikuwa inaandika uzito wa watoto,
na mara moja, kati ya mara elfu tatu,
kilo tatu na nusu zikawa kilo kumi na tisa.
Muuguzi Zihalirwa alicheka kwanza.
Kisha akaacha kucheka, akaniita.

Niliibeba kwa pikipiki hadi Essence
nimeifunga kitenge kama mgonjwa,
nikaifungua juu ya meza yangu:
vumbi jekundu, mende mmoja mkavu,
mafuta ya kupoza yameganda kama bugali wa jana.
Usiku kucha, umeme ukienda na kurudi,
nikavipa viini vinane hesabu ileile.
Saba vikajibu sawa.
Kimoja kikajibu sawa, sawa, sawa, sawa,
kisha uongo, kwa sauti ileile.

Kilichokufa unakitambua kwa ukimya wake.
Kinachokosea kwa upole utakitambuaje
kisipokuwa na wenzake wa kukisuta?

Kiini cha tano. Yaani cha sita:
mashine huanza kuhesabu na sifuri.
Mama huanza na Cishugi.

Tulizaliwa wanane, nyumba ya Kadutu.
Yeye ndiye aliyeshika daftari la duka,
mwandiko mzuri, jumla zimepigiwa mstari kwa rula,
na faranga zikipungua kidogo kidogo
kama udongo wa mlima wetu kila mvua.
Sisi saba tulikaa, tukalinganisha.
Hatukupiga kelele. Tulimnyang'anya ufunguo tu.

Duka linaendelea. Siku ya soko linachelewa kidogo.

Alfajiri nikaandika amri ya mstari mmoja.
Mashine ikawaka, ikahesabu viini saba,
haikuuliza nani hayupo.
Zihalirwa alinilipa, akasema,
"Kile kibovu umekitoa?"
Hakitoki, nikamwambia. Vyote vimechongwa
kwenye kipande kimoja, kidogo kuliko ukucha.
Nimekiachisha kazi tu. Kiko palepale katikati,
hakipewi kitu cha kujumlisha,
na wenzake wakihangaika sana
nacho kinapata joto.

Jioni, badala ya kupanda Kadutu,
nikashika njia ya Bagira.
Sikuwa na la kumwambia.
Nilibeba sukari, kilo moja.
Sikuipima.