Koti la Imants

Theluji imebaki kiraka kimoja nyuma ya banda,
chafu kama shuka la mgonjwa.
Velta anafuta kioo kwa kiwiko, anaandika:
Aprili tisa. Kwenzi wawili.
Kigogota, namsikia tu.

Usiku kalunguyeye katoka majanini,
amekonda, ngozi imempwaya
kama aliyeazima kanzu ya kakaye,
akanywa maji ya paka bila hodi.
Hilo nalo limeandikwa.

Na huyu mdogo, kifua rangi ya kutu,
mdomoni unyasi mrefu kuliko yeye,
anaingia bandani, anatoka mtupu.
Anaingia. Anatoka.

Velta anavaa kandambili, ananyata.
Koti la marehemu lingali msumarini,
lile aliloahidi kanisa tangu Krismasi.
Mfuko wa kushoto umevimba:
kuvumwani, nyuzi, manyoya ya paka
(ya paka yule yule, jamani!)
na jicho moja jeusi linalomkodolea
kama mwenye nyumba amwonavyo mdai.

Anarudi kinyumenyume.
Daftarini haandiki kitu.
Anampigia mchungaji simu:
Koti, bado.
Labda Juni, wakishahama.