Ruhusa ya Kusoma

Huku Friesland ardhi imelala chini ya bahari
na watu wamelala juu yake.
Pampu nne ndizo zisizolala,
na ukutani, ndani ya kabati la bati,
swichi ya milango ishirini na minne
inapepesa vijicho vya kijani.

Sjoukje amepiga magoti kwenye zege,
kompyuta pajani, soksi zimelowa.
Anakiuliza kifaa: nani ana ruhusa ya kukutazama?
Kinajibu bila haya: yeyote
anayelijua neno "umma".

Miaka kumi na sita neno la siri lilikuwa umma!
Wiebren ndiye aliyeliacha hivyo,
Wiebren, ambaye hata kwake hana pazia:
mpita njia huiona supu yake, paka wake,
kiti kitupu cha marehemu mkewe.
"Afichaye ana lake," husema.
Sawa. Lakini mlango, Wiebren,
mlango mbona unaufunga?

Analifuta neno.
Anamsajili mtazamaji mpya, anampa siri mbili zisizofanana:
moja ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye,
moja ya kuyafumba maneno yakiwa njiani.
Kisha mipaka. Asome kina, asome joto,
asome jinsi pampu ya tatu inavyokohoa;
asiguse hata swichi ya taa.
Na asikilizwe kutoka anwani moja tu,
ya chumba cha zamu kule Leeuwarden
aliko Oebele na kahawa iliyopoa.

Anajaribu. Kimya.
Anajaribu tena. Kimya kile kile,
na nje mvua haijali.
Anakagua siri herufi kwa herufi, anajitukana,
kumbe ni daftari la Wiebren:
moja yake ina pua ndefu,
kila mtu huisoma saba.

Anasahihisha. Simu inalia.
"Nakuona," anasema Oebele,
na Sjoukje, peke yake kituoni,
anajikuta anafunga vifungo vya koti.
Kabla ya kuondoka anabisha mara moja kwa neno la zamani.
Umma?
Hakuna aitikiaye.

Saa nane usiku anapita kwa baiskeli
mbele ya dirisha lisilo na pazia.
Televisheni inamwangazia mzee kitini,
mdomo wazi, paka miguuni.
Anasimama, mguu mmoja chini.
Kifua kinapanda. Kinakawia.
Kinashuka.
Habishi hodi.
Anakanyaga pedali, anakwenda.