Siku ya Kutembelea, Isanga

Jumapili ya pili ya mwezi ndiyo yetu.
Nimetoka Bihawana kwa miguu hadi kwenye lami,
kapu la zabibu kichwani, kanga mbichi juu yake,
vumbi limenipaka hadi magotini
kama mtu aliyesali muda mrefu.

Kaka yangu Lechipya amefungwa miezi sita
kwa chupa mbili za divai ya misa.
Hakuinywa. Hilo hata mashahidi walilikubali.
Msimu huu uwele ulikauka ungali urefu wa kidole,
ghalani hapakuwa na punje ya kupikia ujimbi,
na babu alikuwa amemjia ndotoni mara tatu
akionyesha koo lake.
Basi akavunja kufuli la sakristia,
sakristia aliyokuwa akiifagia yeye mwenyewe kila Ijumaa,
akamimina zote mbili kaburini, akasema:
"Mbukwa, babu. Kilichopo ndicho hiki."

Hakimu aliuliza thamani.
Padri akataja bei, kwa sauti ndogo.
Zabibu za divai ile nilizichuma mimi.
Hakuna aliyeniuliza thamani.

Mwalimu Mnyambwa, aliyetufundisha darasa la sita,
alikuwa na ugonjwa wa maneno.
Alikuja darasani bila kitabu, chaki sikioni:
"Semeni meza." Meza!
"Semeni bendera. Leso. Mvinyo." Tukasema.
"Yote hayo ni ya Mreno.
Alishuka pwani miaka mia tano iliyopita,
msalaba kwenye tanga, mzinga chini ya msalaba.
Huku Ugogo hakufika,
wala hakujua kama kuna Ugogo.
Maneno yake ndiyo yaliyopanda bara,
nyuma ya migongo ya wapagazi,
pamoja na shanga na mbegu ya mahindi,
na hakuna mtemi aliyeyatoza hongo."
Kisha akashusha sauti: "Semeni gereza."
Gereza!
"Kwa Mreno neno hilo lilikuwa kanisa."

Akasubiri.
Chilewa, kutoka dawati la nyuma, akauliza
kama hiyo itakuja kwenye mtihani.

Alisema Mreno alijenga kanisa ndani ya ngome.
Watu wa pwani walisimama nje ya ukuta,
wakahesabu walioingia, wakahesabu waliotoka,
wakalipa jengo maana waliyoiona.
Siku ile nilicheka na wenzangu.

Sasa niko getini.
Askari anafungua daftari: jina, kijiji, uhusiano.
Anainua vishada kimoja kimoja,
anaonja zabibu moja, ya pili, ya tatu,
kwa ajili ya usalama.
"Dini?"
Nimenyamaza. Amejaza mwenyewe.

Ndani, wanaume wa nguo moja wamepanga mstari,
vichwa vimenyolewa, mikono nyuma.
Mtu anagonga kipande cha reli kilichoning'inia,
nao wanakaa chini wote kwa pamoja.
Kanisani kwetu pia kengele ni kipande cha reli,
ile ile ya Mjerumani. Sauti ni moja.
Nimejikuta nataka kuvua ndala.

Amekonda, kaka yangu.
Hakuuliza habari za mama wala za ng'ombe.
"Mvua?"
"Ilinyesha. Siku ya nne baada ya hukumu.
Ilijaza makorongo, ikabomoa choo cha shule."
"Wakasemaje?"
"Padri alifanya misa ya shukrani."
Lechipya akacheka mpaka askari akageuka.
"Kwa divai ipi?"

Dakika zetu zilikuwa zimekwisha.
Nikampa kishada kilichosalia.
Akachuma zabibu moja, hakuipeleka kinywani,
akaiminya kwa vidole, matone yakaanguka chini,
midomo ikicheza bila sauti.

Sakafu ya saruji haikuyanywa.
Yalikaa pale juu, meusi, yakiangaza,
na sote wawili, na askari pia,
tukawa tunayatazama.