Upana wa Dole Gumba

Shinuna alinishika mkono kama amwongozaye kipofu,
akaliweka dole gumba langu juu ya jiwe.
"Hapo, baba. Chini ya kucha wapo.
Juu ya kucha hawapo."

Tuko Saiq, juu ya Jabal Akhdar.
Askari wa kizuizini, Birkat al-Mauz, alichungulia magurudumu
akaturuhusu, na mimi, dereva wa lori la petroli
miaka ishirini na sita,
nikapandishwa mlima na binti yangu
nikishikilia mkanda kila kona.

Nikatazama. Mwamba wa kijivu, nyufa, mavi ya mbuzi.
Kwa ncha ya ufunguo wa gari akanionyesha:
matumbawe, chaza,
viduara kama vitumbua vilivyoungua.
Bahari ilikuwa hapa. Mlima umetoka majini
kama mtu aliyesahau kujifuta.
Halafu, juu ya kucha, jiwe limenyamaza.
Hata gamba.

"Miaka milioni mia mbili hamsini na mbili," akasema.
"Katika kila aina kumi za baharini, tisa zilikwenda."
"Nani aliziua?" Nimeuliza kama polisi.
"Moshi. Volkano za kaskazini ya mbali
zilichoma makaa yaliyolala ardhini.
Joto likapanda, maji yakachacha, bahari ikakosa pumzi."
Hakunitazama usoni. Alitazama buti zangu za kazi,
zinazonuka hata zikifuliwa.

Mwenye macho haambiwi tazama.

Nikaanza hesabu, ndiyo tabia yangu njiani:
lita thelathini na sita elfu kwa safari,
Mina al-Fahal hadi Nizwa,
safari mia tatu kwa mwaka.
Milioni mia mbili na themanini.
Lita moja, na kibaba juu yake,
kwa kila mwaka uliopita tangu jiwe hili linyamaze.

Nilidhani nabeba mafuta.
Kumbe gari la maiti:
vijidudu vya bahari nyingine, ya kale zaidi,
nimevitoa kaburini nikavipeleka motoni,
na kwa ujira huo nimemsomesha mtoto
mpaka akajua jina la kosa langu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe,
mama alikuwa akisema, Wete, akimsema jirani mfitini.
Hakujua kuna visima vyenye namba.

Murshid, mwenye shamba la ukingoni, akatuuzia makomamanga,
madogo, yamepasuka kabla ya kuiva.
Falaji ilikuwa na sauti ya mtu anayemeza mate.
"Mvua siku hizi haipandi huku," akasema,
akaongeza mawili ya bure, kwa aibu.

"Na sisi," nikamwuliza Shinuna, "tutakuwa unene gani?"
"Katika jiwe? Labda hata kucha hatufiki."
"Watakaochimba watakuta nini?"
"Plastiki. Masizi. Mifupa ya kuku, mingi mno."
Nyuma ya kiti mfuko wa biriani ulikuwa umefungwa fundo,
na mifupa yetu ndani.

Tukateremka kwa gea nzito, breki zikinuka.
Chini kabisa taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi.
Kituo kile nakijua; tangi lake nililijaza mimi, Jumanne.
Shinuna akasimama kando ya pampu, akazima injini.

"Tujaze?" akaniuliza,
kana kwamba ipo njia nyingine ya kufika nyumbani,
kana kwamba mimi ndiye niliyeificha.