Mchoro wa Tatu

Mimi ndiye niliyeuchora mshale ule.
Niseme mapema, msije mkafika mwisho
mkaanza kumtafuta mkosaji.

Karakana yetu iko Nyakato, nyuma ya ghala la pamba.
Tunaunda mashine za barafu kwa ajili ya wavuvi,
na kila mashine husafiri na kijitabu chake
kama mwali na kungwi wake.

Vijitabu anaviandika Milembe.
Siku ya usaili walimpa chai, hawakumpa swali.
Walimuuliza mdogo wake aliyemsindikiza:
"Ataona wapi pa kuandika?"
Milembe akacheka, akaomba aletewe mashine.
Akaipapasa toka miguuni hadi kwenye kifuniko,
akataja boliti iliyolegea.
Boliti ilikuwa imelegea.

Aliomba vitu viwili tu:
hedifoni nzima,
na mtu asihamishe meza bila kusema.
Hedifoni ilichukua miezi saba.
Meza imehamishwa mara nne.

Kompyuta yake inasema. Inasoma Kiswahili
kama mtalii aliyeshuka jana uwanjani;
"ng'ombe" anaikwama kooni,
na mwendo wake ni wa dalali wa mnadani.
Sisi hatuambulii neno.
Yeye anakunywa uji, anasahihisha.

Mimi nilizoea kuandika: *Tazama mchoro wa tatu.*
Maneno manne, kazi imekwisha,
huyo naenda Kirumba kula sato.

Akaniita.
"Nikifika hapa, mashine yangu inasema *picha*,
kisha inanyamaza. Picha ya nini?"
Ya vali.
"Vali inafanya nini?"
Inafunguka.
"Kuelekea wapi?"
Kama mshale unavyoonyesha.
"Na mshale unaonyesha wapi, Lubango?"

Nikafungua mdomo.
Mvua ya kutoka ziwani ilikuwa inalipiga bati
hata nikatamani izidi, isisikike sauti yangu.
Nikautazama mchoro wangu
kwa mara ya kwanza tangu niuchore.
Vali hufungukia kulia, upande wa tangi.
Mshale wangu ulikuwa unakwenda kushoto,
umenyooka, mweusi, una kichwa kizuri.

Mashine tatu zilikwisha vuka kwenda Ukerewe.
Magesa alikuwa amepiga simu mara mbili:
barafu haigandi, sangara wanalainika.
Tulimjibu kwa adabu. Tulipokata simu
tukasema, hawa watu hawajui kusoma picha.

Meneja anapenda kuwaambia wageni:
"Huyu tumemsaidia sana."
Tangu siku ile, akisema hivyo,
mimi huangalia viatu vyangu.

Sasa chini ya mchoro wa tatu pana maneno:
*Shika vali. Chini ya kidole gumba
utakuta jino dogo, kama la mtoto.
Lisukume kuelekea tangi
mpaka liseme ta.*

Nilibisha kidogo. Nilisema jino la mtoto
si lugha ya ufundi.
Akaniuliza lugha ya ufundi ni ipi,
ile ya mshale?

Magesa alipiga tena, mwezi wa nne, usiku.
Umeme ulikuwa umekatika kisiwa kizima,
jenereta inatosha mashine, haitoshi taa,
na mikono yake imejaa magamba.
Binti yake alikuwa amemsomea kijitabu mchana.
Akaingiza mkono gizani, akalitafuta jino,
akalikuta pale pale lilipoandikwa.
"Mwandishi wenu," akasema, "niliona kama
amesimama nyuma yangu, ananishika kiwiko."

Asubuhi nikamfikishia Milembe salamu,
neno kwa neno, hata lile la kiwiko.
Nilidhani atafurahi.
Akavua sikio moja la hedifoni.
"Vali mpya zilizoingia juzi," akasema,
"hazisemi *ta*. Zinasema *tak*.
Badilisha kabla hawajachapa.
Na meza hii, nani ameisogeza?"