Mshale

Nimekuwa karani wa mzani miaka thelathini na mmoja,
ghala la ushirika, Newala, msimu kwa msimu.
Mshale ukitetemeka nausubiri utulie,
ndipo nataja kilo.
Sijampunja mtu hata kiganja cha korosho.
(Mara moja. Nikamrudishia mwaka uliofuata.)

Sasa mshale haupo.
Sahani ya mzani naiona, kutu yake, ukingo wake,
magunia kulia, miguu ya watu chini.
Lakini katikati, palepale penye namba,
kuna doa, kama mafuta ya maganda
yaliyodondokea karatasi.
Nikilifuata, nalo linahama.

Daktari Mbawala alinipa karatasi ya vijumba vijumba.
Nikacheka: hili si daftari langu?
"Ziba jicho moja. Mistari imenyooka?"
Kwa la kulia imefifia.
Kwa la kushoto imepinda
kama barabara ya kupanda kuja kwetu.

Akanieleza bila kunizungusha.
La kulia ni aina kavu, inakula polepole kama mchwa.
La kushoto ni ile ya maji:
vimishipa vimeota nyuma ya jicho, vinavuja.
Uzee, akasema. Na sigara.
Nikatazama pembeni,
ndiko ninakoona siku hizi.

Kavu haina sindano.
Ina vidonge vya vitamini, mboga za majani, na kuacha sigara,
navyo ni breki tu, si gia ya kurudi nyuma.
Ya maji ina sindano. Ndani ya jicho.
"Ndani?" "Ndani. Tunatia ganzi kwanza."
Kila mwezi, Dar es Salaam, miezi mitatu,
kisha tupime, kisha huenda tena, na tena.

Na dawa zenyewe ni mbili.
Moja imetengenezwa kwa ajili ya jicho,
bei yake nilimwomba airudie.
Ya pili ilitengenezwa kwa saratani,
inagawanywa vidogo vidogo, madaktari wengi huitumia,
bei yake mtu unaweza kuitamka.
"Ungekuwa wewe?" nikamwuliza.
Akavua miwani, akaifuta, akavaa.
"Ningechoma mapema. Dawa yoyote kati ya hizo. Ila mapema."

Nyumbani nikaigeuza sindano kuwa kilo.
Ya bei kubwa: shamba la Mnyambe lote, na bado.
Ya bei ndogo: magunia mawili, pamoja na nauli na chakula.
Shemeji Nanjota akaja na kichupa cha matone,
yamemponya mtu, mtu huyo yuko Tandahimba,
jina lake halikumbuki.
Binti yangu Zainuna akataka tuuze pikipiki.
Somoe, mke wangu, alikuwa anachambua kisamvu.
"Unataka kuona nini?" akauliza.

Nilijua jibu linalofaa: wewe, wajukuu, mwezi wa Idi.
Nikasema, mshale.
Akaendelea kuchambua.
"Basi daktari kakwambia hautarudi?"
Kaniambia kilichokwisha kimekwisha.
Sindano ni ya kulinda kilichobaki.
"Kimebaki nini?"
Nikamtazama, yaani nikatazama kando ya sikio lake,
na uso wake ukaja kidogo, upande mmoja,
wenye ndui ya zamani na hasira kidogo.
Hicho, nikasema.

Kwa hiyo: ya bei ndogo. Jicho la kushoto. Mara tatu.
Ya tatu ikipita nitauliza upya, sijaapa.
Kichupa cha Nanjota kipo dirishani, hakijafunguliwa.
Sigara nimeacha jana na juzi.
Leo asubuhi nilivuta moja.

Nimegundi karatasi ya daktari mlangoni.
Kila alfajiri naziba jicho, nahesabu,
Zainuna anaandika:
Jumatatu, mistari minne imepinda.
Jumanne, minne.
Jumatano, sita.

Basi la Dar linaondoka kesho kabla ya adhana.
Magunia mawili yamepimwa na karani mpya.
Alitaja kilo mapema mno, kabla mshale haujatulia.
Nilisikia.