Kwa Gego Langu, Ndani ya Kopo la Misumari

Basi umelala humo, gego la chini kulia,
kati ya misumari ya nchi tatu na ya nchi mbili,
mizizi imepinda kama miguu ya mgeni asiyetaka kuaga.
Sikukupenda. Nakuambia leo kwa kuwa huna tena la kunifanya.

Ulianza na doa. Doa tu,
dogo kuliko jicho la dagaa.
Nkwimba akasema, "Baba, hilo linaoza."
Nikamjibu kwamba fundi wa vinavyooza hapa Igombe ni mimi,
mitumbwi yote hii imepita chini ya tezo yangu.

Na chai ya vijiko vitano, alfajiri, saa nne, mchana,
na kipande cha muwa shavuni nikigonga misumari,
na usiku nikilala na utamu wangu mdomoni.

Ulipokataa maji baridi, nikahamia ya moto.
Ulipokataa ya moto, nikatafunia kushoto.
Ulipouma bure, saa nane za usiku,
nikaweka karafuu, nikaweka tumbaku, nikaweka gongo.
Maji ya betri niliyatazama, nikayaacha.
Masalu akasema ni mdudu, afukizwe kwa mbegu za ndulele.
Nikafukiza.
Mdudu hakutoka. Yalitoka machozi.

Lakini kilichonipeleka mjini si wewe.
Ni Limi, mjukuu, miaka minne,
mdomo wa juu umevimba kama andazi,
meno ya mbele yamemomonyoka, kahawia, mpaka kwenye fizi.
Chupa yake ya usiku, maziwa na sukari,
niliikoroga mimi,
ili alale, ili nami nilale.
Nikamwambia daktari, "Si ya utoto haya? Yataanguka tu."

Daktari Kokuhirwa hakucheka.
"Kwenu mna bomba?"
"Moja."
"Alfajiri mtu anaacha nini kwenye foleni?"
"Ndoo."
"Na wakiipiga teke hiyo ndoo?"

Nikatazama viatu vyangu.

Akanionyesha kwa kioo chenye mpini:
hakuna mdudu mwenye miguu.
Kuna utando, na ndani yake vijidudu visivyoonekana,
vikishiba sukari yako vinakojoa tindikali,
na kila kikombe ni karamu mpya,
jino halipati hata saa moja ya kupumua.
Hapo nikaelewa, kwa lugha yangu:
mbao haiozeshwi na maji yanayopita,
huozeshwa na yale yanayotuama nyuma ya taruma.

Gego moja la Limi likazibwa.
Alikwangua uozo mpaka akafika kwenye mbao nzima,
jino, nisamehe,
akakausha, akashindilia, akalainisha,
nami nikaitambua mikono ya mwenzangu kazini.
La mbele lenye usaha halikuzibika.
Lilitoka na alama za meno mengine kwenye kidole cha muuguzi.

Kisha zamu yako.
Ungekuja miezi sita nyuma, alisema,
ningekusafisha mzizi, ukabaki.
Sasa umebakiza ukuta mmoja.
Sindano, ganzi, mdomo ukawa wa mtu mwingine,
na mlio tu, bila maumivu: kraa,
msumari wa kutu ukichomoka kwenye mvule.
Miaka thelathini naziba matundu ya watu
huku mtumbwi wangu ukiingiza maji.

Sasa kila usiku tunasimama uani, mimi na yeye,
dawa yake kiasi cha njegere,
mimi namswakia, yeye anatema kwenye migomba.
Baada ya hapo ni maji matupu, hata akilia.
Chai yangu vijiko viwili.
Sawa, vitatu.

Limi ananiambia nikurushe juu ya bati, nipate jipya.
Sijui nimweleze vipi kuhusu mimi na bati.
Lake alilirusha jana jioni.
Tulilisikia likibingirika, tak, tak, tak,
mpaka likakwama kwenye mfereji.
Daktari amesema miaka mitatu, huenda zaidi.
Yeye amesimama pale pale, shingo juu,
mdomo wazi, anasubiri.